Beijerinck na Siri ya Vinundu vya Mizizi

Sisi wa pwani twaijua mbaazi kwa tui lake na mahamri yake; mzizi wake wachache waujuao. Ukiung'oa mche wa mbaazi au kunde ungali mbichi na kuukung'uta udongo, utaona vinundu vidogo vimeshika mizizini mithili ya shanga. Zamani wako wataalamu waliovihesabu kuwa maradhi. Aliyemfichua mkaaji wa vinundu hivyo ni marehemu Martinus Beijerinck wa Uholanzi.

Bwana huyu alizaliwa Amsterdam mwaka 1851. Baba yake alikuwa muuza tumbaku, biashara ikaanguka, na mtoto akakulia katika uhitaji. Alisoma Delft na Leiden, akapata udaktari mwaka 1877, akasomesha katika chuo cha kilimo cha Wageningen. Mwaka 1885 aliacha ualimu, akaajiriwa na kiwanda cha hamira na spiriti mjini Delft.

Wakati huo Hellriegel, Mjerumani, alikwisha kuonyesha kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata naitrojeni ya hewani kwa njia ya vinundu. Lakini ni nani aliyemo ndani? Mwaka 1888, katika maabara ya kiwanda, Beijerinck alimtenga mkaaji huyo na kumwotesha peke yake nje ya mzizi. Alikuwa bakteria, asiyeonekana ila kwa hadubini.

Kazi ya mdogo huyu ni kubwa. Katika kila sehemu 100 za hewa, 78 ni naitrojeni, nayo mmea hauwezi kuishi bila ya hiyo. Hata hivyo hauwezi kuichukua hewani, mfano wa baharia mwenye kiu aliyezungukwa na maji ya chumvi. Bakteria huingia mzizini, mmea ukampa makazi na sukari, naye akaigeuza naitrojeni ikawa chakula. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwaka 1895 Beijerinck alifanywa profesa huko Delft, na mwaka 1901 akaeleza bakteria wengine wafanyao kazi hiyo wakiwa huru udongoni. Hakuoa, na wanafunzi walimwogopa kwa ukali wake. Alistaafu mwaka 1921, akafariki kijijini Gorssel tarehe 1 Januari 1931, akiwa na umri wa miaka 79.

Je, ilmu hiyo yatuhusu nini? Na tutazame Kitale na Bungoma, kwenye mahindi mengi ya Kenya. Kitale ndiko zilikotoka mbegu chotara za mwanzo za nchi hii mwaka 1964. Lakini mahindi ni mlaji: kila msimu huchota naitrojeni ya ardhi wala hayairudishi. Mkulima hulazimika kununua mbolea ya dukani, na mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000. Tena aina nyingine za mbolea, zikitiwa miaka nenda miaka rudi pasipo chokaa, huuchachua udongo, na bakteria wa mizizi wakadhoofika. Hapo mkulima hupata hasara mara mbili: fedha zimemtoka, na mtumishi asiyedai mshahara amekufa.

Dawa yake ni urithi wa Beijerinck. Chuo Kikuu cha Nairobi, huko Kabete, kilitayarisha bakteria hao wakawa wa kupakwa juu ya mbegu kabla ya kupanda, kama hamira itiwavyo kwenye unga. Kila mmea huchagua mgeni wake. Wa maharage si lazima amfae soya. Tangu mwaka 2009 mradi wa N2Africa uliwafundisha wakulima wa magharibi ya Kenya matumizi yake, na uliouongoza ni Wageningen ile ile alikosomesha Beijerinck ujanani.

Mkulima wa Bungoma aliyepanda maharage baina ya mahindi hana haja ya hadubini. Yakianza kutoa maua, na ang'oe mche mmoja na kukipasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, mgeni yumo kazini. Kikiwa cheupe au cha kijani, kazi haiendi, na shamba lake lahitaji kuangaliwa kabla ya msimu ujao.