Earl Wilbur Sutherland Jr.

Earl Wilbur Sutherland Jr. (Burlingame, Kansas, 19 Novemba 1915 – Miami, Florida, 9 Machi 1974) alikuwa daktari na mwanabiokemia wa Marekani. Anajulikana kwa kugundua kazi ya AMP ya mviringo, kwa kifupi cAMP, na kwa wazo la mjumbe wa pili ndani ya seli. Mwaka 1971 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba, peke yake.

Maisha

Mdororo mkuu wa uchumi ulipoikumba Marekani, alijilipia masomo ya chuo cha Washburn kwa kufanya kazi hospitalini. Alihitimu udaktari huko St. Louis mwaka 1942, akawa daktari wa jeshi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Baada ya vita aliacha kutibu wagonjwa, akajiunga na maabara ya Carl Cori. Baadaye alifundisha Cleveland (kuanzia 1953), Nashville (1963) na Miami (1973).

Utafiti

Ilijulikana kwamba adrenalini hufanya ini litoe sukari kwenye damu, lakini si kwa njia gani. Wataalamu wengi waliamini kwamba homoni haiwezi kufanya kazi seli ikishavunjwa. Kama ni kweli, hapakuwa na njia ya kuichunguza kwenye chupa ya maabara. Sutherland na Theodore Rall walisaga ini, na adrenalini ikafanya kazi vilevile. Walipoondoa vipande vya utando wa seli, ikashindwa. Ndipo wakaweka homoni kwenye vipande hivyo peke yake, wakachemsha mchanganyiko, kisha wakatia maji yake kwenye sehemu iliyobaki: kimeng'enya cha kuvunja glikojeni kikaamka. Basi adrenalini hubaki mlangoni, na ndani hutumwa mwingine asiyeharibiwa na moto. Huyo ndiye cAMP. Wakati huohuo kundi la David Lipkin lilikuwa limetengeneza molekuli hiyohiyo kwa kemia tu, bila kujua kazi yake mwilini.

cAMP na kalisi

Katika moyo, cAMP huamsha kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye milango ya kalisi (kalsiamu). Kalisi nyingi zaidi huingia kwa kila pigo, na moyo hupiga kwa nguvu. Kimeng'enya hichohicho huharakisha kalisi kurudishwa ghalani, ili misuli ilegee upesi kabla ya pigo linalofuata. Bila hatua hiyo ya pili, moyo unaokwenda mbio usingepata nafasi ya kujaa damu.

Mwaka 1983, miaka tisa baada ya kifo chake, Michael Berridge, mzaliwa wa Rhodesia ya Kusini (leo Zimbabwe), na wenzake walionyesha mjumbe mwingine, IP3, anayefungua ghala la kalisi lililomo ndani ya seli.

Kipindupindu, ugonjwa unaojulikana sana Afrika Mashariki, nacho hupitia kwa cAMP: sumu ya bakteria huilazimisha seli ya utumbo kuitengeneza bila kukoma, na chumvi na maji humwagika nje ya mwili.