Patrick Gilmore na Bendi za Mataifa

Wengi wetu tumepata kuona bendi ya polisi au ya jeshi ikipita siku ya sherehe ya taifa, matarumbeta yakimetameta juani na watoto wakikimbia nyuma hata wasisikie wanapoitwa nyumbani. Lakini bendi ya namna hiyo ikae chini ukumbini, watu wanunue tiketi na kuisikiliza kwa utulivu kama wasikilizavyo kwaya, hilo ni jambo lililohitaji watu wa kulipigania. Mwezi huu tumeona vema tuwasimulie habari za mmoja wao, marehemu Patrick Gilmore wa Marekani, na hasa habari za mwaka 1872, alipoziita bendi za Ulaya zivuke bahari zije kupiga mjini Boston.

Bwana Gilmore hakuwa mzaliwa wa Marekani. Alizaliwa Ireland, katika kijiji cha Ballygar, wilaya ya Galway, na tarehe inayotajwa ni siku ya Krismasi ya mwaka 1829. Kijana huyu alijifunza muziki katika mji wa Athlone, palipokuwa na kambi ya askari na bendi yao. Tangu mwaka 1845 viazi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini wa nchi ile, vilioza mashambani kwa ugonjwa, na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Wengine kama milioni moja waliondoka. Patrick alikuwa miongoni mwao, naye akafika Boston kiasi cha mwaka 1849, akiwa na umri wa miaka ishirini hivi, bila urithi wowote ila korneti yake. Korneti ni ndugu ya tarumbeta, fupi kidogo, yenye vibonyezo vitatu.

Katika mji ule Wairishi hawakupendwa. Walihesabiwa kuwa watu wa kazi za mikono tu, tena Wakatoliki kati ya Waprotestanti. Gilmore hakubishana na mtu, alipuliza. Haukupita muda mrefu akawa anaongoza bendi, kwanza moja, kisha nyingine, kisha bendi ya mji wa Salem ulio jirani. Huko mwaka 1856 alishindana hadharani na mzee Ned Kendall, bingwa wa baragumu la vifuniko, chombo kilichokuwa kinaanza kupitwa na wakati. Walipiga wimbo ule ule kwa zamu, huyu na baragumu lake, yule na korneti yake. Watu walibishana siku nyingi ni nani aliyeshinda, lakini korneti ilikuwa imepata jina, na mwenye korneti pia. Mwishoni mwa miaka ile ya 1850 alikuwa na bendi iliyoitwa kwa jina lake mwenyewe.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza mwaka 1861, Gilmore na wapigaji wake waliingia jeshini pamoja na kikosi cha 24 cha Massachusetts. Tusidhani kazi ya bendi vitani ilikuwa kupiga muziki peke yake. Risasi zilipoanza, wapiga bendi waliweka vyombo chini na kuchukua machela, wakaenda kuwabeba waliojeruhiwa. Mwaka 1862 serikali iliona gharama ya bendi za vikosi ni kubwa mno ikazirudisha nyumbani, lakini Gilmore hakukaa bure. Mwaka 1863 ulitoka wimbo wa watu wanaomngoja kijana wao Johnny arudi kutoka vitani, wimbo ambao hata leo Wamarekani wanaujua. Aliutoa yeye, kwa jina la kubuni la Louis Lambert. Na mwezi wa Machi 1864, katika mji wa New Orleans uliokuwa umetekwa na majeshi ya Kaskazini, alikusanya wapigaji 500 hivi na maelfu ya watoto wa shule waimbe gavana mpya alipoapishwa, na mizinga ikapigwa kufuata mwendo wa muziki.

Hapo ndipo, kwa maoni yetu, alipoonja utamu wa mambo makubwa, na tokea siku ile mambo madogo hayakumtosha tena. Vita vilipokwisha mwaka 1865, alianza kuota sherehe ya kushukuru amani. Alibisha hodi kwa matajiri wa Boston mmoja baada ya mwingine, na wengi walimwona amepungukiwa na akili. Bwana John Dwight, mhariri wa gazeti la muziki la mji ule, alimpinga vikali, akisema kwamba wingi wa watu si uzuri wa muziki. Hata hivyo mwezi wa Juni 1869 jumba kubwa la mbao lilikuwa limesimama, lenye wapigaji kama 1,000 na waimbaji kama 10,000. Rais Grant mwenyewe alihudhuria. Wazimamoto 100 waliovaa mashati mekundu walipiga nyundo juu ya mafuawe, kama wahunzi, katika kwaya ya Verdi inayohusu kazi hiyo. Tukiri kwamba Bwana Dwight hakukosea katika yote: kelele ilikuwa nyingi. Lakini sherehe iliisha salama, fedha ilirudi na faida ikabaki.

Mtu mwingine angeridhika. Gilmore alisema moyoni mwake, kama tunavyoweza kukisia kwa matendo yake, kwamba amani ya nchi moja ni nusu tu ya habari. Mwaka 1870 Ufaransa na Ujerumani zilipigana vita vikali, Paris ikazingirwa hata wenyeji wakala farasi na panya, na mkataba ukatiwa saini mwezi wa Mei 1871. Mwaka ule ule Gilmore alikwenda Ulaya kuomba jambo ambalo halikuwa rahisi kuombwa na raia wa kawaida. Bendi alizozitaka zilikuwa bendi za majeshi, na askari haendi ng'ambo kwa kualikwa na mpiga korneti. Ni lazima wakubwa wake, na pengine mfalme au malkia wake, wakubali. Alizungukia maofisi, akapeleka barua zake, akangoja milangoni. Mwishowe walikubali.

Basi mwezi wa Juni 1872, Jubilei ya Amani ya Dunia ilipofunguliwa Boston, walikuwapo Grenadier Guards wa London na mwongozaji wao Dan Godfrey. Walikuwapo Garde Républicaine wa Paris na Bwana Paulus. Na walikuwapo wapiga bendi wa kikosi cha Kaiser Franz kutoka Prussia na Bwana Saro. Ireland nayo ilileta bendi yake. Wafaransa na Waprussia wakawa wageni wa mji mmoja na kupiga ndani ya jumba moja, hali mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu wapigane, na askari wa Kijerumani walikuwa bado wamekaa katika sehemu ya nchi ya Ufaransa. Hawakuondoka wote hata mwaka 1873. Kila taifa lilipewa siku yake. Na kutoka Vienna alikuja Johann Strauss, mtunzi wa miziki ya dansi, aliyesimulia baadaye jinsi alivyopandishwa jukwaani mbele ya umati wa waimbaji na wapigaji, akiwa na wasaidizi wengi wa kuupokeza mkono wake, maana wa nyuma hawakuweza kumwona. Waimbaji safari hii walikuwa kama 20,000, na wapigaji kama 2,000.

Wenye kuimba kwaya tunawaombea subira hapa, kwa sababu kuna jambo la kwao. Kati ya waimbaji walikuwapo vijana weusi wa chuo cha Fisk cha Nashville, wengi wao waliozaliwa utumwani, waliokuwa wakitembea nchini kukusanya fedha za kukijenga chuo chao. Waliwekwa kuimba beti za wimbo mashuhuri wa vita vile vya kuwakomboa watumwa. Wimbo ulianzwa juu mno, kufuata vyombo. Waimbaji wa mji waliotangulia walishindwa, sauti zikapasuka, na kila mwanakwaya anajua aibu ya namna hiyo. Lakini vijana wa Fisk walikuwa wamejizoeza wimbo ule katika sauti ile ile ya juu. Zamu yao ilipofika waliuchukua, kila neno likasikika, na umati ukasimama na kushangilia. Hatuna haja ya kueleza ilikuwa na maana gani kwa watoto wa watumwa kushangiliwa hivyo mwaka 1872, miaka saba tu baada ya vita.

Kwa fedha, jubilei ile ilikuwa hasara. Jumba lilikuwa kubwa kupita wasikilizaji, siku zilikuwa nyingi mno, tangu tarehe 17 Juni mpaka tarehe 4 Julai, na waliojiandikisha kuwa wadhamini walilazimika kutoa mfukoni. Kwa heshima pia ilikuwa na uchungu wake. Watu wa Boston walipozisikia bendi za Ulaya, na hasa ile ya Paris, walitambua kwamba bendi zao wenyewe zilikuwa nyuma sana. Bendi nyingi za Marekani wakati ule zilikuwa za shaba tupu. Wafaransa walikuwa na klarineti nyingi, na filimbi, na saksafoni zilizobuniwa na Adolphe Sax, hata bendi yao iliweza kunong'ona kama okestra na kunguruma kama jeshi.

Hapa ndipo tunapomheshimu Bwana Gilmore kuliko katika mizinga na mafuawe yake yote. Ni watu wachache wanaomwalika mgeni kwa gharama kubwa, mgeni akawashinda mbele ya majirani, nao wasinune. Gilmore alikwenda shule. Mwaka 1873 alihamia New York kuongoza bendi ya kikosi cha 22, akaijenga upya kwa mfano aliouona: akaongeza klarineti mpaka zikawa moyo wa bendi, akaingiza saksafoni, akamchukua Mholanzi Lefebre, mpigaji hodari wa chombo hicho ambacho Wamarekani wengi walikuwa hawajapata kukisikia. Mazoezi yalikuwa ya kila mara na nidhamu haikuwa ya mchezo.

Kisha mwaka 1878 alirudisha ziara, kama adabu inavyotaka. Aliwavusha bahari wapigaji zaidi ya 60, wakapiga Uingereza, na Ireland aliyoiacha kwa njaa, na Ufaransa wakati wa Maonyesho ya Paris, na Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Wale waliokuwa walimu wake mwaka 1872 walimsikia sasa katika miji yao wenyewe, na walimpokea kama mwenzao. Baada ya hapo hakuna aliyesema tena kwamba bendi ya kupuliza ni ya barabarani tu. Huko kwao alitembea na bendi yake miji mikubwa kwa midogo, akiwapigia watu Wagner na Rossini ambao wengi wao hawakuwa na okestra karibu wala nauli ya kuifuata.

Je, amani aliyoiimba ilikuja? Tunasema kwa kweli kwamba haikuja. Mwaka 1914 mataifa yale yale yalipigana tena, na bendi zile zile ziliwasindikiza vijana vituoni. Lakini hatuoni haki kumdai mpiga korneti deni la wafalme na mawaziri. Alichokuwa nacho alikitoa.

Mwezi wa Septemba 1892 alikuwa St. Louis pamoja na bendi yake, iliyokuwa imefikia watu karibu 100, wakipiga katika maonyesho ya mji ule. Jumamosi tarehe 24 aliaga dunia, akamwacha mke wake Ellen na binti yao. Alizikwa New York. Jumatatu iliyofuata, tarehe 26, katika mji mdogo wa Plainfield, kijana mmoja aitwaye John Philip Sousa alikuwa afanye onyesho la kwanza la bendi yake mpya. Huyu ndiye aliyekuja kuipeleka bendi ya Marekani Ulaya mara nne, na mwaka 1911 Afrika Kusini, Australia na New Zealand. Wapigaji kadhaa wa Gilmore walijiunga naye baadaye. Lakini jioni ile, kabla ya kupiga cho chote cha kwake, Sousa aliinua fimbo na bendi ikaanza kwa upole kipande alichokitunga Gilmore, kinachohusu roho inayoagana na dunia.