Daktari wa jicho moja ambaye ramani yake iliiruka Nakuru

Ukipanda matatu ya Nakuru kwenda Marigat, hukawii kufika Mogotio, pale kwenye kibao cha ikweta ambapo kila mgeni lazima apige picha. Barabara inateremka, joto linapanda, na sweta uliyotoka nayo asubuhi inaanza kukukera. Ni mteremko tu, utasema. Lakini kuna daktari aliyetumia tofauti kama hizo za juu na chini kuelewa saratani iliyokuwa ikimaliza watoto Afrika Mashariki, na baadhi ya dawa alizozijaribu bado wanapewa wagonjwa wa saratani ya damu hadi leo.

Anaitwa Denis Burkitt. Alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 wavulana walirushiana mawe, jiwe moja likamtoa jicho. Chuoni Dublin alianza na uhandisi, akauacha, akasomea udaktari. Alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni huku Afrika, walimkatalia: daktari wa upasuaji mwenye jicho moja wa nini? Ikaja Vita ya Pili ya Dunia, jeshi la Uingereza likamchukua bila maneno mengi, na ndivyo alivyofika Kenya na Somalia kwa mara ya kwanza. Mwaka 1946 akapata kazi Uganda, akaanzia Lira, kisha akahamia Mulago, Kampala.

Kabla ya mambo ya saratani, Burkitt alishughulika sana na miguu. Mulago ilikuwa na watu waliokatwa miguu na watoto waliolemazwa na polio, na miguu ya bandia kutoka ng'ambo ilikuwa ghali kupita kiasi. Akajifunza namna ya kuitengeneza kwa bei ndogo, akasaidia kuanzisha karakana hospitalini. Shikilia hapo, tutairudia.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita kumwona mvulana aliyevimba mataya pande zote, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akamwona msichana mwenye uvimbe uleule usoni, na tumboni pia. Mmoja unaweza kusema ni bahati mbaya. Wawili? Alianza kufukua rekodi za hospitali, akaandika makala yake ya kwanza kuhusu ugonjwa huo mwaka 1958. Uligeuka kuwa limfoma, mojawapo ya saratani za damu na tezi, na leo unaitwa kwa jina lake.

Sasa swali likawa: uko wapi na hauko wapi? Alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali kote Afrika, kwa msaada wa pesa kidogo mno. Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaingia kwenye Ford kuukuu, wakaendesha hadi Afrika Kusini na kurudi. Wiki 10, kilomita kama 16,000, hospitali zaidi ya 50. Hakuna maabara ya maana, ni macho na maswali tu: mmewahi kuona mtoto wa hivi?

Ramani iliyotoka ilikuwa ya kushangaza. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma ukipanda juu ya mita 1,500 hivi. Pwani na kando ya Ziwa Victoria ulikuwepo. Nakuru, iliyo kwenye mita kama 1,850, iko juu ya mstari huo. Si ati watu wa huku ni spesheli. Ni baridi, na mbu wa malaria hawapendi baridi. Baadaye ilijulikana kwamba malaria inahusika, pamoja na kirusi ambacho Anthony Epstein na wenzake walikigundua London mwaka 1964 kwenye uvimbe uliotumwa kutoka Uganda. Lakini lukemia na limfoma za aina nyingine hazijali mwinuko, kwa hiyo usifikiri Menengai inatukinga.

Kisu kilikuwa hakisaidii sana, na mashine za mionzi Uganda haikuwa nazo. Burkitt akajaribu dawa za kemo kama methotreksati na saiklofosfamidi, kwa dozi ndogo. Kuna watoto ambao uvimbe uliyeyuka kwa siku chache tu, na wengine wakaishi miaka mingi baada ya dozi chache. Nairobi, Peter Clifford naye alikuwa akitibu watoto kama hao, kwa dozi kubwa zaidi.

Turudi kwenye miguu. Enzi hizo kipimo kilikuwa uvimbe: umepungua au haujapungua. Mgonjwa alitakiwa kulala tu. Mwaka 1997 ndipo Fernando Dimeo na wenzake, Ujerumani, walipochapisha utafiti ambapo wagonjwa waliopewa kemo kali walipiga pedali wakiwa kitandani, dakika 30 kwa siku. Nguvu zao hazikushuka sana kama za wale waliolala tu. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa kimataifa likapendekeza mazoezi ya wastani, dakika 30 mara 3 kwa wiki, kupunguza ule uchovu wa kemo ambao usingizi hauutoi.

Lakini huku mtaani, msee wa kemo akionekana akitembea jioni, majirani wanamuuliza mamake kama anataka kumuua. Hofu yao si ya bure kabisa. Kwa saratani ya damu, kuna siku chembe za kugandisha damu ziko chini sana na kuanguka kidogo tu ni noma. Kuna siku kinga imeisha na jimu iliyojaa watu si mahali pake. Ukiwa na homa, unaenda hospitali, si kukimbia. Ndiyo maana anayesoma kipimo chako cha damu ndiye akuambie leo ni kutembea, kunyoosha viungo au kupumzika. Kuzunguka ploti mara tatu mos mos ni zoezi pia.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akatumia miaka yake ya Uingereza kuwahubiria watu wale nafaka zisizokobolewa, na hata kuwasifia choo cha kuchuchumaa. Alifariki 23 Machi 1993 akiwa na miaka 82. Methotreksati na saiklofosfamidi bado zinatumika wodini.