Justus Ohage, daktari aliyeshindwa na majitaka

Katika mji wa Saint Paul, jimboni Minnesota, ambako leo wanaishi maelfu ya watu wenye asili ya Afrika Mashariki, kuna bustani kando ya Mto Mississippi iitwayo Harriet Island. Aliyeinunua kwa fedha zake na kuikabidhi kwa mji mwaka 1900 ni daktari mhamiaji, Justus Ohage.

Ohage alizaliwa Hanover, Ujerumani, mwaka 1849. Alihamia Marekani akiwa kijana mdogo, akapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe upande wa serikali ya Muungano, kisha akasomea udaktari huko Missouri. Mwaka 1886, katika hospitali ya St. Joseph's mjini Saint Paul, alimtoa mgonjwa kibofu cha nyongo na mgonjwa akapona. Alikuwa wa kwanza kufaulu upasuaji huo nchini Marekani.

Angeweza kuridhika na sifa hiyo. Lakini mwaka 1899 alikubali kuwa kamishna wa afya wa mji, kazi yenye lawama nyingi kuliko shukrani.

Wakati huo majitaka ya Saint Paul, na ya Minneapolis iliyoko upande wa juu wa mto, yalimwagwa mtoni bila kusafishwa hata kidogo. Waliokuwa karibu zaidi na hatari hiyo ni vibarua walioingia kwenye mahandaki ya majitaka yaliyochimbwa ndani ya mwamba laini chini ya mji. Mwaka uleule wa upasuaji wa Ohage, mganga wa Kijerumani, Adolf Weil, alikuwa ameeleza ugonjwa wa homa kali inayofanya macho kuwa ya manjano na kudhuru figo. Baadaye ilibainika kuwa bakteria wake hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, na hupenya kwenye ngozi yenye michubuko. Wafanyakazi wa majitaka wakawa miongoni mwa wahanga wake wanaojulikana sana. Watanzania waliusikia ugonjwa huo mwaka 2022 kwa jina la homa ya mgunda, ulipozuka mkoani Lindi. Vijana wa Dar es Salaam wanaotapisha vyoo kwa mikono, maarufu kwa jina la vyura, wanakabiliwa na hatari iyo hiyo, mara nyingi bila glavu wala buti.

Ohage aliamini kuwa usafi ni haki ya maskini pia. Pale kisiwani alifungua mabafu ya umma, viwanja vya michezo na mahali pa kulelea watoto. Familia za wafanyakazi, ambazo nyingi hazikuwa na bafu nyumbani, zilifurika huko wakati wa kiangazi.

Kasoro ilikuwa maji yenyewe. Watu walikuja kuoga katika mto uleule uliopokea vyoo vya miji miwili. Miji ilivyozidi kukua, ndivyo mto ulivyozidi kunuka, na hatimaye mabafu yakafungwa. Kamishna mmoja, hata awe hodari namna gani, hakuwa na amri juu ya mabomba ya mji wa jirani.

Ohage alifariki dunia mwaka 1935. Mtambo wa pamoja wa kusafishia majitaka ya miji hiyo miwili ulianza kazi mwaka 1938, eneo la Pig's Eye, kilomita chache chini ya kisiwa chake.