Frank Dixey

Frank Dixey (1892 – 1982) alikuwa mwanajiolojia kutoka Wales, Uingereza, aliyefanya kazi katika makoloni ya Uingereza barani Afrika kwa karibu miaka 30. Anajulikana hasa kwa utafiti wake kuhusu miamba ya Nyasaland (Malawi ya leo), kwa visukuku vya dinosau vilivyopatikana karibu na Karonga, na kwa kazi yake ya kutafuta maji chini ya ardhi. Alikuwa pia miongoni mwa watu wa kwanza kuchunguza kitaalamu kwa nini maji ya Ziwa Nyasa hupanda na kushuka, swali linalowahusu moja kwa moja watu wa Kyela, Karonga na mwambao wote wa kaskazini wa ziwa hilo.

Maisha ya awali

Dixey alisoma jiolojia katika chuo kikuu cha Cardiff, Wales. Mwaka 1918 alikwenda Sierra Leone akiwa mwanajiolojia wa serikali. Huko alipima nchi ambayo wakati ule ilikuwa haijachorwa ramani ya miamba, na baadaye alichapisha makala kuhusu sura ya nchi na jiolojia ya koloni hilo.

Mwaka 1921 alihamishiwa Nyasaland. Akaongoza idara ndogo ya upimaji wa jiolojia hadi mwaka 1939, yaani miaka 18 mfululizo. Watu wa idara hiyo walikuwa wachache na nchi ni ndefu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ilifanywa kwa miguu, msafara ukiongozana na wapagazi. Wapagazi hao, na wenyeji walioonyesha njia, chemchemi na mahali penye mawe ya ajabu, hawatajwi sana katika maandishi ya kitaalamu ya wakati ule, ingawa bila wao kazi isingewezekana.

Mwambao wa kaskazini

Eneo la Karonga linapakana na Kyela, mto Songwe ukiwa katikati. Ardhi ya pande zote mbili imefanyika kwa namna moja: upande mmoja ni kuta za Bonde la Ufa, upande mwingine ni ziwa, na katikati kuna tambarare iliyojengwa na mashapo ya mito. Upande wa Kyela mito hiyo ni Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufirio. Yote huteremka kwa kasi kutoka milima ya Rungwe, Ileje na Livingstone, na inapofika tambarare hupoteza nguvu na kumwaga mchanga.

Magharibi mwa Karonga, mahali panapoitwa Mwakasyunguti, ilipatikana mifupa mikubwa ndani ya miamba myekundu. Dixey alichunguza miamba hiyo na mwaka 1928 akachapisha makala kuhusu tabaka hilo, ambalo tangu hapo linaitwa Tabaka za Dinosau. Mwaka huohuo Sidney Haughton wa Afrika Kusini alieleza mifupa yenyewe na kumpa mnyama huyo jina la Gigantosaurus dixeyi kwa heshima ya Dixey. Mwaka 1993 wataalamu waliona kwamba jina la kwanza halikufaa, wakamwita Malawisaurus dixeyi. Alikuwa mnyama mla majani, mwenye shingo ndefu. Mfano wa kiunzi chake umesimamishwa katika makumbusho ya Karonga.

Miamba ya aina hiyo haikuishia Malawi. Upande wa Tanzania iko katika bonde la Rukwa, ambako wamepatikana dinosau wengine wa jamii hiyo, Rukwatitan (jina lilitolewa mwaka 2014) na Shingopana (mwaka 2017). Msomaji asichanganye: mto Songwe wa bonde la Rukwa si huu wa mpakani. Ni mito miwili yenye jina moja, mmoja unaingia Ziwa Rukwa na mwingine Ziwa Nyasa.

Dixey alieleza pia mashapo ya zamani ya ziwa yaliyo juu ya ufuo wa sasa, yakiwemo yale ya Chiwondo, kusini mwa Karonga. Makala yake ya mwaka 1927 ilionyesha kwamba ziwa halikuwa na ukubwa uleule siku zote. Ndani ya tabaka za Chiwondo, mahali paitwapo Uraha, lilipatikana mwaka 1991 taya la kiumbe wa jamii ya binadamu wa kale, Homo rudolfensis. Na mwaka 2005, chombo cha kuchimba kilipotoa mashapo kutoka sakafu ya ziwa, ilibainika kwamba katika ukame mkubwa wa makumi ya maelfu ya miaka iliyopita maji yalishuka mamia ya mita chini ya usawa wa leo.

Swali la kimo cha ziwa

Dixey alifika Nyasaland wakati jambo la ajabu likiendelea. Ziwa Nyasa lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, nao ni mto Shire upande wa kusini. Maji yalikuwa yameshuka kwa miaka mingi, na kufikia mwaka 1915 mto Shire ulikoma kutoa maji ya ziwa. Mchanga na matete vikaziba mlango. Kuanzia hapo ziwa likawa kama beseni lisilo na tundu: mvua iliingia, mito iliingia, na maji hayakuwa na pa kutokea ila kwa kuvukizwa na jua. Kimo kikaanza kupanda. Hadi mwaka 1935, maji yalipovunja kizuizi na Shire kuanza kutiririka tena, ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 4.

Kwa watu wa mwambao mita 4 si jambo dogo. Tambarare ya Kyela iko chini sana, na maji yakipanda kidogo tu yanaingia mbali katika mashamba ya mpunga. Magati ya zamani kama Mwaya yalitegemea kimo cha maji kwa kila kitu.

Wakati huo kulikuwa na nadharia iliyopendwa sana. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa C. E. P. Brooks alikuwa ameonyesha kwamba maji ya maziwa Viktoria na Albert yalipanda na kushuka pamoja na madoa ya Jua, ambayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Mwaka 1924 Dixey alichapisha katika jarida la Nature makala kuhusu kimo cha Ziwa Nyasa, mvua na madoa ya Jua. Takwimu za kimo zilikuwa zimeanza kuandikwa mwaka 1896, kwa hiyo alikuwa na miaka chini ya 30 tu ya kufanyia kazi. Kwa Ziwa Viktoria, uhusiano ule wa madoa ya Jua ulivunjika baada ya miaka michache tu. Huo ni mfano ambao walimu wa takwimu huupenda: mistari miwili inaweza kufuatana kwa muda bila mmoja kuuvuta mwingine.

Kilichobaki ni njia ya hesabu. Ziwa linaweza kueleweka kama daftari la mapato na matumizi. Mapato ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, pamoja na maji ya mito. Matumizi ni uvukizi na maji yanayotoka kwa Shire. Kinachobaki ndicho kinachopandisha au kushusha kimo. Katika Ziwa Nyasa, lenye eneo la kilomita za mraba 29,600 hivi, zaidi ya theluthi mbili ya maji hupotea kwa uvukizi, si kwa mto. Ndiyo maana mabadiliko madogo ya mvua yanatosha kuufunga mto Shire au kuijaza Kyela maji.

Maji ya vijijini na mafunzo

Pengine kazi yake iliyowagusa watu wengi zaidi ilikuwa ile ya visima. Sehemu nyingi za Nyasaland zilikuwa na udongo mzuri lakini hazikukaliwa kwa sababu mito yake hukauka kiangazi. Idara ya Dixey ilichunguza miamba na kuchagua mahali pa kuchimba visima vifupi na virefu, na watu wakaweza kuhamia maeneo hayo. Mwaka 1931 alichapisha London kitabu cha mwongozo kuhusu upatikanaji wa maji, A Practical Handbook of Water Supply, kilichotolewa upya mwaka 1950. Kiliwalenga watu wa kazi: namna ya kusoma mwamba, chemchemi, kisima na bwawa, hasa katika nchi za joto zisizo na wataalamu wengi.

Mwaka 1939 aliondoka Nyasaland kwenda Rhodesia ya Kaskazini (Zambia), akawa mkurugenzi wa maendeleo ya maji hadi mwaka 1944. Baadaye aliongoza upimaji wa jiolojia nchini Nigeria. Kuanzia mwaka 1947 hadi 1959 alikuwa London, mkurugenzi wa upimaji wa jiolojia wa makoloni yote ya Uingereza, akiajiri na kusimamia wanajiolojia vijana waliotumwa huku na huko, Tanganyika ikiwemo. Mafunzo hayo yaliwahusu karibu Wazungu watupu. Waafrika walibaki kuwa wasaidizi wa uwandani, na pengo hilo lilionekana wazi baada ya uhuru. Nchini Tanzania lilianza kuzibwa na Chuo cha Maji cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1974 kufundisha mafundi sanifu, na idara ya uhandisi wa rasilimali za maji ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako wanafunzi hujifunza kuiga mwenendo wa mito na maziwa kwa kompyuta.

Dixey alishirikiana pia na wenzake kueleza miamba ya Chilwa, kusini mwa Nyasaland, mojawapo ya maandishi ya kwanza kuhusu miamba ya kabonatiti barani Afrika. Mwaka 1958 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Alipewa pia cheo cha Sir. Alifariki mwaka 1982.

Baada yake

Daftari la mapato na matumizi ya ziwa sasa linaandikwa na kompyuta. Mwaka 1995 Ian Calder na wenzake walichapisha modeli ya Ziwa Nyasa iliyotumia mvua na uvukizi, ikafuata vizuri kimo kilichopimwa kuanzia mwaka 1896 hadi 1967. Baada ya hapo hesabu na kipimo vilianza kuachana. Waliona kwamba tofauti hiyo inaelezeka iwapo misitu ya bonde ilipungua kutoka asilimia 64 hadi 51 kati ya miaka 1967 na 1990, kwani mashamba hurudisha maji machache hewani kuliko misitu, na mengi zaidi hufika ziwani. Bila upungufu huo, katika ukame wa mwaka 1992 ziwa lingekuwa chini zaidi kwa karibu mita 1.

Modeli kama hizo zinahitaji vipimo vya mvua na mito, na kaskazini ndiko vina uzito mkubwa. Kyela ni kati ya maeneo yenye mvua nyingi zaidi Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mito yake hulisha ziwa hata miaka ambayo kusini ni kukavu. Mto Songwe nao hubadilisha njia yake wakati wa mafuriko, na kwa kuwa ndio mpaka, kila badiliko huacha mashamba ya watu upande mwingine wa nchi. Tanzania na Malawi zina kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo, inayopanga kuuimarisha na kujenga mabwawa.