Giuseppe Verdi, Mtungaji wa Opera

Mwaka 1832 kijana mmoja wa miaka 18 alifika katika mji wa Milan kuomba nafasi katika shule kubwa ya muziki. Alipiga piano mbele ya waalimu, nao wakatazama nyimbo alizotunga. Akakataliwa. Walisema umri wake umepita, mikono yake haikufundishwa vema kukaa juu ya piano, nafasi ni chache, na tena yeye ni mgeni. Maana siku zile Italia ilikuwa imegawanyika, Milan chini ya Austria, na kwao kijana chini ya Parma. Kijana huyo ndiye Giuseppe Verdi. Shule ile leo inaitwa kwa jina lake.

Alizaliwa tarehe 10 Oktoba, 1813, katika kijiji cha Le Roncole, ambako baba yake alikuwa na nyumba ndogo ya wageni. Tangu utoto alipiga kinanda kanisani. Mfanya biashara mmoja wa mji wa Busseto, Antonio Barezzi, alimpenda akamsaidia, na hata baada ya kukataliwa hakumwacha, bali alimlipia mwalimu wa faragha huko Milan. Mwaka 1836 Verdi akamwoa Margherita, binti Barezzi. Wakapata watoto wawili, wote wakafa wangali wachanga, na mwaka 1840 Margherita naye akafariki. Mwaka huo huo opera yake ya kuchekesha ilizomewa, ikaondolewa baada ya usiku mmoja tu. Akataka kuacha kutunga kabisa. Lakini tarehe 9 Machi, 1842, ilionyeshwa Nabucco, habari za Wayahudi waliotekwa Babeli, na jina lake likaenea Italia nzima.

Asiyezoea opera huuliza: kwa nini mtu aimbe wakati anapoweza kusema? Nadhani jibu limo katika Rigoletto, ya mwaka 1851. Hadithi yake ilitoka katika mchezo wa Victor Hugo, uliopigwa marufuku Paris baada ya kuonyeshwa mara moja. Wakaguzi wa serikali huko Venice nao hawakukubali mfalme aonekane mwovu, basi Verdi akambadili kuwa mtawala wa Mantua. Rigoletto ni mchekeshaji wake, mwenye kibyongo, ambaye huwadhihaki wazee waliopotezewa binti zao, huku nyumbani amemficha binti yake mwenyewe, Gilda. Mtawala akampata huyo pia.

Sasa ni usiku, penye nyumba mbovu kando ya mto. Ndani, Mtawala anambembeleza mwanamke mwingine, naye anamcheka. Nje, Gilda anachungulia penye ufa, moyo umemvunjika, na baba yake anaapa kulipa kisasi. Wote wanne wanaimba pamoja, kila mtu na maneno yake, na msikilizaji anawasikia wote. Jaribuni hivyo katika mchezo wa maneno matupu, mtapata kelele za sokoni! Baadaye Rigoletto anapewa gunia na mwuaji aliyemkodi. Yu karibu kulitupa mtoni, mara anamsikia Mtawala kwa mbali akiimba wimbo wake ule ule wa furaha. Hakuna aliyemweleza neno. Analifungua gunia, anamkuta Gilda akikata roho, kwa kuwa amejitoa afe badala ya mtu yule.

Zikafuata nyingi: La traviata, na Aida iliyoonyeshwa mara ya kwanza Cairo mwaka 1871, nguo na mapambo yake yakiwa yamechelewa Paris kwa sababu ya vita. Mchezo wa Shakespeare, Otello, aliufanya opera mwaka 1887, na Falstaff mwaka 1893, akiwa karibu na miaka 80.

Alifariki Milan tarehe 27 Januari, 1901. Kwa fedha zake alikuwa amejenga huko nyumba ya kuwatunza wanamuziki wazee wasio na kitu, akataka isifunguliwe mpaka afe. Ilifunguliwa mwaka 1902. Yeye na Giuseppina, mkewe wa pili, wamezikwa humo.