Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu aliyetolewa ndani ya biro yake

Jina la Benedicto Kiwanuka ni kubwa Uganda. Upande huu wa mpaka, toka Mahagi na Kasindi mpaka Bunagana, watu wengi wanajua zaidi jina la yule aliyemuweka kwenye kiti, Idi Amin. Kiwanuka alikuwa Muganda wa kwanza, na mwana-inchi wa kwanza wa Uganda, kuwa Jaji Mkuu. Kazi ile hakuimaliza hata miezi 15. Alishikwa mchana mweupe ndani ya mahakama yenyewe, na mpaka leo familia yake haina kaburi la kulilia.

Kwa sisi Wakongomani cheo hiki kinahitaji maelezo kidogo. Huku kwetu mahakama za juu ni tatu, ile ya katiba, ile ya kasasyo na Baraza la Serikali, na kila moja ina mkubwa wake. Katika inchi zilizotawaliwa na Mwingereza, mtu mmoja ndiye kichwa cha majaji wote. Anagawa kazi, anasambisha kesi nzito, anawaapisha wakubwa wa inchi. Lakini hana jeshi. Akisema mtu aachiliwe, anategemea wenye silaha wakubali kutii karatasi yake.

Toka mkalimani mpaka avoka

Kiwanuka alizaliwa tarehe 8 mwezi wa 5 mwaka 1922, upande wa Masaka, katika ufalme wa Buganda, kwenye familia ya Wakatoliki. Wakati wa vita ya pili ya dunia aliingia jeshi la Mwingereza, akarudi nyumbani mwaka 1946. Kisha akapata kazi ya mkalimani kwenye Mahakama Kuu ya Kampala. Kazi yake ilikuwa kugeuza maneno ya raia kwa Kiingereza ili jaji Mzungu aelewe, na kugeuza hukumu ya jaji ili raia ajue amefungwa au ameachiliwa.

Hapo ndipo sheria ilimuingia. Alikwenda kusoma Lesotho, ambayo wakati ule iliitwa Basutoland, kisha London. Mwaka 1956 akakubaliwa kuwa avoka, akarudi Kampala kufungua biro yake.

Siasa ilimpandisha, siasa ikamuangusha

Mwaka 1958 alichaguliwa raisi wa Democratic Party, DP, chama kilichokuwa na nguvu sana kwa Wakatoliki. Kwenye uchaguzi wa mwezi wa 3 mwaka 1961, wakubwa wa Mengo, makao ya Kabaka, waliwaomba Waganda wasiende kupiga kura. Wengi sana walibaki nyumbani. Wachache waliojitokeza wakaipa DP karibu viti vyote vya Buganda, na kwa njia hiyo Kiwanuka akapata viti vingi bungeni, ingawa chama cha Milton Obote, UPC, kilimpita kwa hesabu ya kura inchi nzima.

Tarehe 1 mwezi wa 3 mwaka 1962 Kiwanuka akawa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Mengo haikufurahi hata kidogo. Kwao ilikuwa aibu kuona mtoto wa raia wa kawaida anaamuru inchi ambamo Kabaka anaishi. Mwezi uliofuata UPC ikaungana na chama cha Kabaka, ikamuangusha. Uhuru ulipofika, tarehe 9 mwezi wa 10, ni Obote aliyekuwa waziri mkuu. Yule aliyetayarisha njia alibaki pembeni.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya upinzani. Mwaka 1969 alishikwa, akafungwa bila kuhukumiwa. Kwa hiyo jela hakuisoma kwenye vitabu tu, aliilalia mwenyewe.

Zawadi ya Amin

Tarehe 25 mwezi wa 1 mwaka 1971, Amin alimpindua Obote. Siku chache baadaye akafungulia wafungwa 55 wa siasa, na Kiwanuka alikuwa kati yao. Watu walicheza barabarani. Amin alitafuta upendo wa Waganda, akarudisha hata maiti ya Kabaka Mutesa toka Uingereza ili azikwe kwao. Tarehe 27 mwezi wa 6 akamtaja Kiwanuka kuwa Jaji Mkuu.

Namna ya kumuweka inafaa kuangaliwa vizuri. Bunge lilikuwa limekwisha kuvunjwa, na Amin alitawala kwa amri zake. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza raisi kwa nini anamuweka huyu, wala wa kumuzuia akitaka kumutoa. Uteuzi ulikuwa mzuri, juu mtu mwenyewe alifaa. Lakini ulisimama juu ya mguu mmoja tu, roho ya mtu mmoja.

Karatasi dhidi ya bunduki

Mwaka 1972 furaha ilikuwa imekwisha. Wanajeshi walikuwa wanashika raia bila mandati na kuwapeleka kambini, na wengine hawakurudi. Mwezi wa 8 Amin aliamuru Wahindi waondoke katika siku 90.

Mwezi wa 9, dosie ya Mwingereza mmoja, mfanyabiashara Daniel Stewart, ilifika mbele ya Kiwanuka. Wanajeshi walikuwa wamemshika na kumfungia. Sheria iliruhusu kuomba mahakama iamuru aliyemfungia mtu amlete mbele ya jaji na kueleza sababu. Kiwanuka alisikiliza, akakata kwamba jeshi halina mamlaka ya kushika mtu namna ile, na Stewart aachiliwe.

Hukumu ile haikuwa ya Mwingereza mmoja tu. Ikiwa jeshi halikuwa na haki kwa Stewart, halikuwa na haki kwa wote waliofungwa kambini vilevile. Wakubwa wa jeshi walielewa hivyo.

Tarehe 17 wapiganaji wa Obote walishambulia toka Tanzania, wakashindwa. Amin akaanza kuwinda kila aliyemshuku. Tarehe 21 wanaume waliovaa kiraia waliingia kwenye biro ya Jaji Mkuu, wakamtoa, wakamtia ndani ya gari na kuondoka. Hakuna aliyewazuia. Serikali ilikana, ikasema ni kazi ya adui zake. Ushuhuda uliotoka baadaye unasema aliuawa kwenye gereza la kijeshi la Makindye.

Alichoacha

Leo katiba ya Uganda ya 1995 inasema raisi anamuweka Jaji Mkuu kwa ushauri wa tume ya kazi za mahakama, na bunge linapashwa kukubali. Kumutoa kunahitaji tribinali imchunguze kwanza. Miguu imeongezeka. Hata hivyo, anayetia saini ya mwisho bado ni raisi, na mabishano juu ya raia kusambishwa na jeshi hayajakwisha Uganda.

Kongo pia raisi ndiye anawaweka majaji, kwa pendekezo la Baraza Kuu la Majaji. Tena katiba yetu, kifungu cha 18, inasema mtu akishikwa hawezi kukaa kashoni kupita saa 48 bila kuachiliwa au kufikishwa mbele ya mkubwa wa sheria. Tangu mwezi wa 5 mwaka 2021, hali ya dharura ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, kesi za makosa ya jinai za raia zilipelekwa kwenye mahakama za kijeshi. Kwa hiyo swali alilokata Kiwanuka, ni nani mwenye haki ya kumfunga raia, linaeleweka vizuri huku kwetu.

Mahakama za Uganda zinamkumbuka kila mwaka katika mwezi wa 9. Majaji wanakutana Kampala, wanasoma hotuba, wanamtaja kwa jina. Nguvu ya karatasi yake ilitoka kwa watu waliokubali kuitii, na siku ile kwenye biro yake hawakuwepo.